Mungu gani, nyanja gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuhani wa Dungeons & Dragons

Katika mchezo huu wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, ukiunda kuhani, mhusika anayepata nguvu zake kwa mungu, unaunda wawili kwa mpigo: yule utakayemchezesha na yule anayemtuma. Wachezaji wengi humshughulikia wa kwanza kwa saa nzima, kisha wa pili wakamwandika kwa haraka kwenye kona ya karatasi. Majibu haya ni ya anayetaka wote wawili wawepo mezani. Yanahusu zaidi toleo la tano la Dungeons & Dragons, yaani kanuni za 2014 na marekebisho yake ya 2024. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hiyo, ina swali lake peke yake huko chini.

Nianze na mungu au nianze na nyanja?

Anza na kinachokuvutia kwanza, ila usiishie hapo. Nyanja, yaani aina ya nguvu ambayo mungu humpa kuhani wake, huamua utakachofanya kila kikao: deraya unayovaa, silaha unayoshika, dua (uchawi wa kuhani) unazopata bila kuzichagua. Mungu huamua kile ambacho mhusika wako atakataa kukifanya hata kundi zima likimsihi. Kwa maoni yangu hilo la pili ndilo linalomfanya kuhani akumbukwe.

Tuseme umependa nyanja ya Uhai, na mchezo wenu uko Faerûn, bara la kubuni lenye miungu wengi. Miungu kadhaa huitoa. Yupo Lathander, bwana wa alfajiri na mwanzo mpya. Yupo Ilmater, anayebeba mateso ya wengine, na alama yake ni mikono miwili iliyofungwa kwa kamba nyekundu. Yupo Chauntea, mama wa kilimo na mavuno. Wote watatu ni wema, na dua watakazokupa ni zilezile. Ukitazama karatasi tu, hutaona tofauti.

Sasa lipe kundi mfungwa. Mmemkamata jasusi, muda unayoyoma, na mwenzenu mmoja anachomoa kisu ili amtoe habari kwa maumivu. Kuhani wa Ilmater hawezi kusimama pembeni. Ataingia katikati hata kama atachomwa yeye. Kuhani wa Lathander atamwona mfungwa kama mtu ambaye bado anaweza kuanza upya, na atataka kuzungumza naye mpaka kuche. Kuhani wa Chauntea huenda akauliza jasusi huyu ametoka kijiji gani, na nani analima shamba lake sasa. Kwa hiyo ukishapata nyanja, chukua miungu wawili au watatu wanaoitoa, uwaweke mbele ya tukio moja gumu, na uone ni yupi anayekupa jibu ambalo una hamu ya kulicheza.

Nyanja zenyewe zinafanya nini hasa?

Kitabu cha wachezaji cha 2014 kina saba: Uhai, Nuru, Vita, Tufani, Hila, Maarifa na Maumbile. Nitakaa zaidi kwenye zile ambazo watu huzielewa vibaya.

Uhai inajulikana. Kila dua ya uponyaji ya ngazi ya kwanza au zaidi huongeza pointi 2 pamoja na ngazi ya dua yenyewe, na mhusika wako akifika ngazi ya pili (ngazi zake ni tofauti na za dua) unaweza kugawa pointi za uhai mara tano ya ngazi yako kwa waliojeruhiwa karibu nawe, ingawa hakuna anayevuka nusu ya uhai wake kwa njia hiyo. Wasichojua wengi ni kwamba kuhani huyu huvaa deraya nzito. Si mtu wa kujificha nyuma. Ni ukuta unaoponya.

Nuru huwashangaza wanaodhani ni nyanja ya upole. Ukifika ngazi ya tano, unapata tufe la moto, lilelile la wachawi, na linabaki tayari kila siku bila kuhesabiwa kati ya dua unazoandaa. Mwanga wako pia humpofusha kidogo anayekushambulia, hata arushe dadu mbili na kuchukua ndogo. Ukipenda kuunguza maadui kwa wingi huku ukihubiri matumaini, hapa ndipo nyumbani kwako.

Tufani ni ya anayependa kipigo kimoja kikubwa. Adui akikupiga kwa karibu, unamrudishia radi au ngurumo ya dadu mbili za pande nane. Na kuanzia ngazi ya pili unaweza kuamua kwamba radi uliyoipiga isirushiwe dadu kabisa, bali ichukue idadi ya juu kabisa. Radi yenyewe ya kuita kutoka mawinguni inakuja ngazi ya tano. Siku hiyo meza nzima itanyamaza.

Hila ndiyo nyanja inayodharauliwa kuliko zote, na si haki. Baraka yake ya kunyata humpa mtu mwingine, si wewe, na hilo huwachukiza wanaotaka kuwa wezi wenyewe. Lakini pamoja nayo unaweza kutengeneza kivuli chako, ukakituma mbele, na ukapeleka dua zako kana kwamba umesimama pale kilipo. Kiongozi wa mchezo, yaani anayesimulia hadithi na kuamua kanuni mezani, akipenda ujanja atakupa nafasi nyingi za kukitumia. Asiyependa atakunyima, kwa hiyo muulize kabla.

Maarifa hukupa lugha mbili na utaalamu wa hali ya juu katika fani mbili za elimu, na baadaye kusoma mawazo ya mtu. Katika mchezo wa mapigano matupu utajuta. Katika mchezo wa siri, maktaba na njama, utakuwa mtu anayetegemewa kuliko wote. Vita hukupa pigo la ziada mara chache kwa siku na nyongeza ya 10 kwenye shambulio moja pale linapokuwa la lazima. Maumbile hukaa katikati ya kuhani na mlinzi wa misitu. Ichague ukiwa na hadithi inayoihitaji.

Vitabu vya baadaye viliongeza nyingine. Uhunzi na Kaburi zilikuja 2017, Nidhamu 2018, Amani na Utusitusi 2020. Hizi mbili za mwisho zina nguvu kupita kiasi, na viongozi wengi wa mchezo huzikataa. Utusitusi hutandaza duara la giza jepesi ambalo kila zamu humpa kila mwenzako aliye ndani uhai wa muda. Ukiruhusiwa, itumie kwa moyo mkunjufu, ukikataliwa, usigombane.

Nisipochukua Uhai, bado nitaweza kuponya?

Ndiyo, kabisa. Kuhani yeyote ana orodha nzima ya dua za makuhani, na kila asubuhi huchagua zipi aziandae. Neno la uponyaji linalosemwa kwa mbali kama tendo la ziada, kumwinua aliyeanguka, hata kumfufua aliyekufa: vyote viko mikononi mwa kuhani wa Vita kama vilivyo kwa kuhani wa Uhai. Nyanja huongeza, haipunguzi.

Kundi langu limeniambia niwe mponyaji, lakini mimi nataka kupigana. Nifanyeje?

Waambie ukweli mapema: utawainua wanaoanguka, lakini hutatumia kila zamu kufunga majeraha. Katika toleo la tano, majeraha ya kipigo kimoja mara nyingi huzidi uponyaji wa dua moja, kwa hiyo kumuua adui haraka huokoa uhai mwingi kuliko kumponya mwenzako ambaye bado amesimama. Chukua Vita, Tufani au Nuru. Ukifika ngazi ya tano andaa dua ya roho walinzi, wale wanaokuzunguka na kumuumiza kila adui anayekusogelea. Iko kwenye orodha ya kila kuhani, na inatosha kubadilisha pambano zima ukiwa umevaa deraya na ngao katikati ya kundi la maadui.

Je, msimamo wa kimaadili wa mhusika lazima ulingane na wa mungu?

Inategemea toleo. Katika toleo la tatu, la 2000, kuhani hakuruhusiwa kuwa mbali na mungu wake kwa zaidi ya hatua moja kwenye jedwali la misimamo (wema hadi uovu, utii wa sheria hadi uasi), na alichukua nyanja mbili badala ya moja. Toleo la tano halina sharti hilo. Hata hivyo ningekushauri usiende mbali sana bila sababu, maana mungu anayempa nguvu mtu anayemdharau ni hadithi inayohitaji maelezo. Ukiwa na maelezo hayo, una hadithi nzuri.

Nataka Tufani, lakini miungu ya tufani ninayoiona ni miovu.

Faerûn ndivyo ilivyo: Talos ni uharibifu mtupu, na Umberlee ni malkia wa bahari ambaye mabaharia humwogopa. Una njia tatu.

Ya kwanza ni kutafuta mwingine. Valkur ni mungu wa mabaharia, mwema, na hutoa Tufani na Vita. Ukiwa katika ulimwengu wa Greyhawk, Kord hutoa zote mbili pia, na kitabu cha 2014 kinamkubali hata Thor kutoka kwa Wanorse wa kale.

Ya pili ni kumtumikia Umberlee bila kumpenda. Watu wa pwani humpa sadaka ili awaache wapite salama, si kwa mapenzi. Fikiria kuhani aliyezaliwa bandarini, akapewa nguvu na bahari iliyomzamisha baba yake, na sasa kazi yake ni kusimama kati ya mungu mwenye hasira na watu wasio na pa kwenda. Anatoa sadaka, anaomba meli ziachwe, na kila anapoipiga radi anajua imetoka kwa nani. Huyo si mhusika mwovu hata kidogo, na ningempa nafasi mezani kwangu leo hii.

Ya tatu ni kumwomba kiongozi wa mchezo akuruhusu Tufani chini ya mungu ambaye orodha haimtaji kwa nyanja hiyo. Orodha za kitabu ni mapendekezo. Silvanus ni mungu wa misitu. Dhoruba inayong'oa miti iko ndani ya himaya yake ukieleza vizuri.

Je, naweza kumtumikia mungu mwovu waziwazi nikiwa katika kundi la watu wema?

Unaweza, ukiwa na ruhusa ya kila aliye mezani na ukiwa na sababu ya kubaki na kundi. Mfano ambao wengi wameuona ni Shadowheart katika Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta wa 2023: kuhani wa Shar, mungu wa giza na hasara, mwenye nyanja ya Hila. Anaficha imani yake, ana jukumu lake, na bado anahitaji wenzake ili aishi. Hayo matatu yakiwepo, kundi linasimama. Kinachoharibu mchezo ni kuhani wa uovu anayewaibia wenzake na kusema mungu wake ndiye aliyemwagiza. Mungu asiwe kisingizio cha kuwakera watu waliokaa nawe.

Mauti na Kaburi zina tofauti gani?

Kubwa sana. Mauti ipo katika kitabu cha kiongozi wa mchezo cha 2014, na imewekwa humo kwa ajili ya waovu: hueneza uozo, na dua zake ndogo za mauti zinaweza kumgusa adui wa pili aliye jirani. Kaburi ni ya wale wanaolinda mpaka kati ya wazima na wafu. Kuhani wa Kaburi akimponya mtu ambaye pointi zake za uhai zimefikia sifuri, dadu za uponyaji huchukua idadi ya juu bila kurushwa. Pia anaweza kumlaani adui ili pigo linalofuata limuumize maradufu.

Kelemvor ndiye mfano mzuri. Alikuwa binadamu kabla ya kuwa mungu wa wafu, alama yake ni mkono wa mifupa ulioshika mizani, na wafuasi wake huwachukia wafu-hai, yaani maiti wanaotembea kwa uchawi, kuliko kitu chochote. Orodha ya 2014 inamwandikia Mauti kwa sababu Kaburi ilikuwa haijaandikwa bado. Ukimchagua yeye, chukua Kaburi. Kuhani wake humkalia mtu anayekufa, humshika mkono, na hukataa katakata kumrudisha aliyekwishakwenda kwa saa yake. Siku rafiki wa kundi atakapokufa na wote wakakugeukia wewe, utakuwa na jambo zito la kuamua, na hakuna dadu itakayokuamulia.

Je, lazima kuwe na mungu?

Si lazima kila mahali. Faerûn inautarajia, maana huko miungu imewahi kutembea ardhini. Eberron, ulimwengu mwingine wa mchezo huu, ni tofauti: miungu haionekani, na nguvu ya kuhani hutoka kwenye imani yenyewe. Huko kuna Mwali wa Fedha, ambao si mtu bali ni nguvu inayozuia uovu, na kuhani fisadi anaweza kuendelea kutenda miujiza bila mtu kumbaini. Kama mnacheza katika ulimwengu wenu wenyewe, kuhani anaweza kutumikia wahenga, mto, au wazo la haki. Kiulize tu kitu hicho maswali yaleyale: kinataka nini, kinakataza nini, na nani anakichukia.

Mimi ni mtu wa dini. Sijisikii vizuri kumsalia mungu wa kubuni hata kwa kuigiza.

Hilo ni jambo la kuheshimiwa na huna haja ya kulieleza kwa kirefu. Zungumza kwa nafsi ya tatu: sema "kuhani wangu anaomba" bila kutamka maneno ya sala. Au chukua njia ya Eberron, utumikie kanuni badala ya mungu. Au chagua fani nyingine inayoponya. Mwambie kiongozi wa mchezo faraghani, na aliye muungwana atakupangia bila kukuaibisha.

Kanuni za 2024 zimebadilisha nini?

Jambo kubwa ni wakati. Zamani nyanja ilichaguliwa ngazi ya kwanza. Sasa huchaguliwa ngazi ya tatu. Kitabu chenyewe kina nne tu: Uhai, Nuru, Hila na Vita. Ngazi ya kwanza unaamua jambo lingine, kama wewe ni Mlinzi, mwenye deraya nzito na silaha za kivita, au ni mtu wa miujiza, mwenye dua ndogo moja zaidi na ufahamu wa mambo ya dini na uchawi. Kwa hiyo deraya haifungwi tena na nyanja.

Mabadiliko haya yana zawadi ndani yake. Ngazi mbili za mwanzo unaweza kuzicheza kama mtu aliyeitwa lakini hajajua ameitiwa nini. Jina la mungu unalo tangu mwanzo, ila ni matukio ya vikao vya kwanza yatakayoonyesha kama Lathander anakutaka uponye au uunguze. Tumia nafasi hiyo.

Kwa nini kuhani huchorwa na rungu? Naruhusiwa upanga?

Kuhani yumo tangu mchezo ulipochapishwa mwaka 1974, akiwa mmoja wa fani tatu za mwanzo pamoja na mpiganaji na mchawi, na kanuni za zamani zilimkataza silaha zenye makali. Katazo hilo halipo tena. Ukitaka upanga mrefu, chukua nyanja inayotoa silaha za kivita, au uwe Mlinzi kwa kanuni za 2024. Ukimtumikia Tempus, ambaye alama yake ni upanga unaowaka, rungu litakuwa jambo la ajabu.

Nikicheza Pathfinder, ushauri ni huuhuu?

Hapana. Katika toleo la pili la Pathfinder, la 2019, anza na mungu bila kusita, kwa sababu mungu ndiye anayeamua karibu kila kitu: silaha anayoipenda, ujuzi mmoja, dua za nje ya orodha ya kawaida, na nyanja unazoweza kuchagua. Kila mungu pia ana maagizo na miiko iliyoandikwa. Sarenrae, wa jua na ukombozi, hupenda upanga uliopinda na hukataza kusema uongo au kumnyima msamaha anayetubu. Pharasma, mlinzi wa uzazi na kifo, hukataza kuunda wafu-hai. Ukivunja mwiko kwa makusudi, nguvu zako zinaondoka mpaka ufanye toba. Soma miiko kabla ya kusoma dua. Marekebisho ya 2023 yaliondoa misimamo ya kimaadili kabisa, na miiko ikabaki ndiyo uti wa mgongo wa kuhani.

Mungu wangu atanijibu kweli nikimwita?

Kwa kanuni za 2014, kuanzia ngazi ya kumi unaweza kumwita moja kwa moja. Unarusha dadu ya asilimia, na ili aje ni lazima namba iwe sawa na ngazi yako au chini yake. Yaani ngazi ya kumi una nafasi 10 katika 100. Akijibu, hutamwita tena kwa siku saba. Ngazi ya ishirini hujibu kila mara. Kanuni za 2024 zimeondoa bahati hiyo: unachagua dua yoyote ya makuhani isiyozidi ngazi ya tano ya dua, nayo inatendeka. Ya kale ina msisimko, mpya ina uhakika. Mimi napenda ya kale, kwa sababu kuhani anayeita na kunyamaziwa, kisha akainuka na kuendelea na kazi, ameonyesha imani ambayo muujiza haungeonyesha.

Naweza kubadilisha mungu katikati ya mchezo?

Unaweza, kwa makubaliano na kiongozi wa mchezo, na usifanye kwa sababu ya dua peke yake. Mpe mhusika vikao kadhaa vya mashaka kwanza. Alama yake takatifu aivue lini? Nani wa hekalu la zamani atakayemfuata kumuuliza? Mungu mpya anamtaka afanye nini kabla ya kumpokea? Mkikubaliana, njia rahisi kimchezo ni kubaki na nyanja ileile chini ya jina jipya: kuhani wa Uhai aliyemwacha Lathander akahamia kwa Ilmater habadilishi hata mstari mmoja wa karatasi yake isipokuwa jina na alama. Nyanja ikibadilika pia, fanyeni hivyo wakati kundi limepumzika kwa muda mrefu katika hadithi, na dua za nyanja ya zamani ziondoke zote siku hiyohiyo.